Konokono Tisa Aliowakataa Skolastika

Saa mbili asubuhi, Msamala, mjini Songea. Jua limeingia kwenye kibaraza cha ofisi ya mradi wa kupambana na kichocho na Skolastika Hyera amelipa mgongo. Mbele yake kuna sinia jeupe, kibano, na ndoo ndogo inayonuka spiriti. Anachukua kombe dogo kuliko punje ya hindi, analisimamisha ncha juu, mdomo ukimtazama.

"Huyu mdomo uko kushoto," anasema bila kuinua kichwa. "Ndiye anayebeba kichocho. Wa mdomo wa kulia hana ubaya na mtu, namweka kule."

Jirani anapita na maji kichwani. "Mama Konokono, supu imeiva?"

"Lete bakuli!" anamjibu, na mkono unaendelea na kazi.

Leo hana muda wa soga. Konokono walio kwenye ndoo hii walitolewa juzi katika ufukwe wa Lipwambo, kijiji kilichoko mwambao wa Ziwa Nyasa. Jumamosi kijiji kitakutana kuamua jambo moja tu: kipande cha ufukwe kilichofungwa kwa wavuvi wa kokoro, wavu unaokokotwa hadi nchi kavu, miaka saba iliyopita kibaki kimefungwa, au kifunguliwe. Wanachosubiri kusikia ni idadi itakayotoka kwenye sinia hili.

Skolastika, mwenye miaka arobaini na mmoja, si mtu wa ziwani. Amezaliwa Maposeni, kwenye mahindi, na ziwa aliliona kwa mara ya kwanza akiwa tayari na watoto wawili. Kazi hii ilimkuta kwenye meza yake ya maharage sokoni. Isidori Kapinga, mratibu wa mradi, alikuwa mteja wake.

"Maharage yake hayakuwahi kunivunja jino," Isidori anasema akicheka. "Siku moja nikasimama nikamtazama anavyochambua. Nikamwambia, dada, kama unaona kijiwe chenye rangi ya haragwe, konokono hawatakushinda."

"Nikadhani ananitania," anasema Skolastika. "Mume wangu naye akauliza, hao konokono wanauzwa wapi?"

Hawauzwi. Wanahesabiwa, na wanahesabiwa vilevile kila Agosti. Kamba ni ileile, inafungwa kati ya miamba miwili ileile. Skolastika anavaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, anavaa glavu, anaingia na chujio la mpini mrefu na kupita taratibu kufuata kamba. Posho ni shilingi elfu ishirini kwa siku, na siku zenyewe ni chache kwa mwaka, kwa hiyo meza ya maharage haijafungwa.

Kisa cha kuhesabu ni watoto wa Lipwambo. Walikuwa wakikojoa damu, wakinywa dawa, wakirudi kuoga palepale na kuugua tena. Karibu na ufukwe huishi samaki mwenye taya nene, anayevunja makombe na kula konokono. Kokoro lilikuwa limemzoa hadi haonekani. Kijiji kikakubali kufunga kipande kile, samaki arudi, konokono wapungue.

Mwaka wa kwanza Skolastika alipata konokono wa mdomo wa kushoto zaidi ya mia nane. Wakashuka. Mwaka mmoja wakapanda kidogo, watu wakanuna. Wakashuka tena. Mwaka jana walikuwa mia mbili na kumi.

"Hesabu ya mwaka mmoja haisemi kitu," anasema. "Ni kama mtoto kupimwa kliniki mara moja tu. Utajuaje kama anakua?"

Kisha ikaja Agosti ya mwaka huu.

Yeye na Isidori walifika Lipwambo jioni, wakalala kwa Anjelika, mama wa makamo anayeongoza kikundi cha wanawake wa ufukweni. Skolastika humwita shangazi, ingawa hawana undugu wa damu. Asubuhi akaingia majini. Alipofika mwisho wa kamba, alikuwa na konokono tisa.

Isidori alirusha kofia yake juu. Azizi, kiongozi wa wavuvi, aliyekuwa amesimama ufukweni mikono kiunoni, naye akafurahi kwa sababu zake.

"Tisa! Basi ugonjwa umekwisha, jamani. Kesho mkutanoni tunafungua."

Skolastika alikuwa bado majini. Alikuwa anatazama. Lile jiwe ambalo kila mwaka humtelezesha kwa ukijani wake lilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Majani ya majini, wanakokaa konokono, hayakuwepo. Akatoka, akazunguka nyuma ya mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Hapo palikuwa na lundo la majani yanayonyauka. Akalifunua kwa mguu. Konokono walikuwa humo.

Akamfuata Anjelika jikoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona shikamoo ya pili asubuhi moja? Una neno wewe."

"Nani ameng'oa majani ufukweni?"

Uso wa Anjelika ukafunguka kwa furaha. "Sisi! Akina mama wote. Tumeinama mpaka viuno vinalia, hadi mawe tumeyasugua. Wageni wanakuja kuangalia ufukwe wetu, tuwapokee kwenye uchafu? Hata kwako mgeni akija, si unafagia uwanja?"

Skolastika anasema alitamani ardhi impokee. "Angefanya kwa hila, ningemgombeza. Amefanya kwa heshima. Unaanzaje kumwambia mtu kwamba heshima yake imeharibu kazi?"

Alimwambia hivyohivyo. Aliwaomba pia wote walioingia miguu mitupu wapite zahanati wakanywe dawa. Anjelika akageukia chungu chake.

Kesho yake mkutanoni Skolastika alisimama akasema hesabu ya mwaka huu haifai, kwa kuwa ufukwe ulikuwa umesafishwa. Azizi akaruka.

"Konokono wakiwa wengi, tufunge. Wakiwa wachache, hesabu mbovu. Dada, wewe unataka nini hasa?"

"Nawataka wale walioko, bwana Azizi. Sio unaowatamani wewe, wala ninaowatamani mimi."

Ukumbi ukazizima kwa kelele. Mmoja akasema huyu wa Songea anatafuta posho ya safari nyingine. Mwisho ikakubaliwa kwa shingo upande: majani yaachwe yaote, hesabu irudiwe kabla mvua hazijashika, ndipo kijiji kiamue. Skolastika akapanda basi bila mwenyeji wa kumsindikiza. Anjelika, ambaye kila mwaka humfungia dagaa wa kupeleka Msamala, hakutoka ndani.

"Njia nzima, kupanda milima mpaka Mbinga, nilikuwa najiuliza," anasema. "Kama konokono wamepanda tena kupita mwaka jana, watasema miaka saba tumewadanganya. Na wale watoto je?"

Majani yakaota, juzi akarudi kupita na chujio lake, na ndiyo maana asubuhi hii kwenye kibaraza hana mzaha mrefu. Saa sita inakaribia anapoliinua kombe la mwisho. Mdomo wa kulia. Analiweka kule. Anarudia kuhesabu rundo la kushoto tangu mwanzo, kisha anamsukumia Isidori sinia, naye ahesabu peke yake.

Wote wanapata mia moja themanini na wanne.

Skolastika anavua glavu, anazikunja taratibu. "Wamepungua," anasema. "Lakini wapo."

Hapigi simu Lipwambo. Anataka waisikie wote kwa pamoja.

Jumamosi, darasa la shule ya msingi Lipwambo limejaa hadi madirishani. Skolastika anataja idadi, anataja na za miaka yote ya nyuma, anakaa. Watu wanageukia upande wa wavuvi. Azizi anasimama, anajikohoza.

"Agosti nilimtukana huyu dada moyoni," anasema. "Na mdomoni kidogo."

Darasa linacheka.

"Ile tisa ingempa sherehe. Bosi wake alishatupa kofia. Yeye akaikataa mbele yetu, tukamzomea, akaondoka bila wa kumsindikiza. Leo ameleta mia na themanini na kitu, idadi isiyomfurahisha yeye wala mimi. Nimeiamini. Na kama naiamini ya leo, za nyuma nitazikataa kwa lipi? Mimi nasema miaka mitatu tena, samaki amalize kazi yake. Wa nne msinitafute nyumbani, nitakuwa majini."

"Na kokoro?" mama mmoja anauliza kwa sauti.

"Na mshipi, mama! Kokoro nimesema?"

Mikono inanyooshwa. Baadhi ya wavuvi wanabaki wamekunja yao, lakini ni wachache. Ufukwe umebaki umefungwa.

"Nilijisikia kama siku mwanangu alipofaulu," anasema Skolastika, na hapa hafichi tabasamu. "Mimi mtoto wa mahindi, kijiji cha ziwani kinashika neno langu."

Nje ya darasa Anjelika anamngoja, khanga ameifunga kiunoni.

"Uliniaibisha Agosti."

"Najua, shangazi."

"Basi nifundishe kazi yenyewe, nisiaibike mara mbili."

Huo sasa ndio mpango wa Skolastika. Anataka ifikapo Agosti ijayo, wanawake sita wa Lipwambo wafunge kamba na kuhesabu wenyewe, yeye awe wa kuhakiki tu. Isidori ameshaagiza mabuti na glavu. "Mimi nikiumwa, hesabu isikatike," Skolastika anasema. "Ziwa ni lao. Watoto ni wao."

Hawakusubiri Agosti. Alasiri hiyohiyo wanakaa kwenye baraza la shule, wakilizunguka sinia la konokono lililobebwa kutoka Songea. Anjelika ameazima miwani ya mtu na kibano hakitetemeki mkononi mwake. Skolastika anainama kumwangalia.

"Ondoa kivuli chako hapa," Anjelika anamwambia. "Na usinisemeshe. Nimefika konokono wa sitini na moja."