Hamira ya Nyumba Yetu

Kaka yangu alikuwa amelazwa hospitalini Kilimani, bomba moja shingoni na jingine tumboni, siku daktari alipotuambia kwamba damu yake imeota hamira.

Tulikuwa watatu kwenye korido. Mimi, shemeji yangu, yaani mke wa kaka, na baba mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba yetu. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisema utumbo uliopasuka ulikuwa umeshonwa mara mbili, mwili umedhoofika, na sasa kuvu aina ya hamira imeingia ndani ya damu. Walikuwa wameshaanza kumpa dawa. Tatizo ni kwamba hamira ni za aina nyingi, na dawa inayoua moja haiwezi kuishtua nyingine. Maabara ya hospitali ile ilikuwa na uwezo wa kusema hii ni hamira, ikaishia hapo. Kujua ni hamira gani, ilibidi kisahani walichooteshea damu yake kipelekwe maabara kubwa mjini.

"Huko nyumbani ana kazi yoyote ya hamira?" akauliza. "Mkate? Pombe?"

Aliuliza kama wanavyouliza iwapo mgonjwa anavuta sigara. Lakini shemeji alimgeukia baba mdogo, na baba mdogo akainamisha kichwa.

"Ndiye mpishi wa muratina wa nyumba yetu," akasema.

Daktari akaitika kwa kichwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sisi tulibaki na lile swali.

Nieleze kidogo. Nyumbani kwetu ni Satellite, mtaa wa pembeni mwa mji. Nilipokuwa mtoto ploti yetu ilikuwa na mahindi, miwa na ng'ombe wawili, na ukisimama mlangoni ulikuwa unaona mpaka bondeni. Leo ukisimama pale unaona kamba za nguo za ghorofa ya jirani. Kilichobaki cha zamani ni jiko la nje lenye paa la mabati meusi kwa moshi, na humo, kwenye msumari, kulikuwa na gunia dogo lenye matunda ya mti wa muratina, yale yanayochachusha pombe ya jina hilo. Ni matunda marefu, mazito kama rungu. Hupasuliwa katikati, huchemshwa uchungu utoke, huanikwa, kisha huwekwa kwenye maji ya miwa na asali. Pombe ikiiva, matunda hutolewa, hukaushwa na kutundikwa mpaka siku nyingine. Hamira hulala mle ndani, kwenye nyuzi za tunda, mwaka baada ya mwaka. Yale ya kwetu baba aliyapata kwa babu. Tunda likioza liliwekwa jipya katikati ya yale ya zamani, likafundishwa kazi. Baba alikuwa akisema hivyo: linafundishwa.

Na kulikuwa na masharti. Mwanamke hagusi. Mpishi halali na mke wake mpaka pombe iive. Na mtu mwenye ugomvi rohoni hapiki, kwa sababu pombe humjua.

Kaka alikuwa amepika karibuni, kwa ajili ya ruracio, siku ya wakwe kuja kumposa binti yake. Wiki hiyo hiyo alikuwa amekosana na baba mdogo juu ya ukuta wa mpaka. Waliitana majina nikiwa nasikia, maana nilikuwa nimerudi kutoka Naivasha kwa ajili ya sherehe hiyo. Mimi ni mpaka rangi. Nimepaka nyumba za Kitisuru zenye vyumba ambavyo hakuna anayelala, nimepaka vioski vya Kisumu na hoteli za Malindi, na sijawahi kukaa mahali nikaona rangi yangu ikichakaa. Pombe ya ruracio haikunywewa. Kaka alianguka akishika tumbo siku chache kabla wageni hawajafika.

Yule aliyezoea kubeba vipimo hospitalini hakuwepo, kwa hiyo nilikibeba mimi. Kisahani kilifungwa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkebe, mkebe ndani ya sanduku la barafu. Maabara ilikuwa juu ya jengo la zamani katikati ya mji, lifti imekufa, ngazi zinanuka dawa ya sakafu. Askari wa mlangoni alinisimamisha.

"Mzee, hapo ndani ni samaki?"

"Ni ugonjwa."

Akaruka nyuma, kisha akacheka mwenyewe. "Pita. Pita haraka. Na usiniache na salamu zake."

Mtaalamu aliyepokea sanduku alikuwa mama wa rika langu, mwenye sweta chini ya koti jeupe. Nilimwita daktari, akakataa.

"Daktari ni yule aliyekutuma. Mimi kazi yangu ni kuuliza."

"Kuuliza nani?"

"Huyu uliyembeba." Aliweka mkebe kando. "Hizi zote kwa darubini ni viduara, mama na mtoto wamegandana. Ukizipanga kwa sura utaua mtu. Kwa hiyo naziuliza. Unakula sukari gani, na gani unaikataa? Nikikutia kwenye majimaji ya damu, unachipua mkia ama unakaa hivyo hivyo? Nikikupandishia joto lipite la mtu mwenye homa, unaishi ama unakufa? Jibu moja halitoshi. Yakikaa pamoja ndipo naweza kusema huyu ni wa ukoo upi."

"Kama wazee kwenye ruracio," nikasema. "Wanavyouliza wakwe ni wa mbari gani."

"Eeh, hivyo hivyo. Ila hawa hawakuletei mbuzi."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kaka aingie hospitali, na nikiwa kwenye ngazi nikishuka nilijiona nimekosea.

Aliniambia nirudi kisahani kipya kikiota. Nikaenda nyumbani Satellite kuwapa habari. Kabla sijafungua geti nilinusa moshi, si wa kuni za kawaida. Ulikuwa na harufu ya asali inayoungua. Shemeji alikuwa amesimama uani na fimbo ndefu, akisukuma kitu motoni. Gunia lilikuwa limeshateketea. Matunda yalikuwa yakiungua polepole, kwa ndani, yakitoa povu pembeni kama pombe yenyewe. Kibuyu kikubwa cha kupikia kilikuwa kimevunjwa, na pombe ya ruracio imemwagwa mtaroni.

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda.

"Ni mimi nimesema," akaniambia kabla sijauliza. "Alipika na roho chafu. Hiyo kitu imemuingia kwa damu. Daktari mwenyewe ameuliza."

"Daktari aliuliza tu, baba mdogo."

"Mtu husoma miaka yote hiyo ndiyo aulize tu?"

Shemeji hakugeuka. "Kama ni hiyo inamkula, wacha nayo iliwe," akasema. "Nataka bwana yangu arudi. Hayo mengine mtanihukumu baadaye."

Sikumhukumu. Nilikuwa nikitazama yale matunda, na nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua. Miaka mingi nyuma, nilipoondoka nyumbani mara ya kwanza, kaka alinikatia kipande cha tunda, urefu wa kidole, akanifungia kwenye kitambaa. Alisema mtu asitembee dunia bila kitu cha kwao. Kilikuwa ndani ya begi langu la brashi, kigumu kama mfupa. Nilikitoa, nikawaonyesha.

Baba mdogo alisimama. "Hicho pia."

"Subiri kwanza. Kuna mama huko mjini anaziuliza. Wacha nikamuulizie na hiki."

"Amuulize nani? Mti?"

"Mpe siku zake," shemeji akamwambia, macho bado motoni. Kisha akaniambia mimi: "Lakini akisema ni hiyo, usirudi nayo hapa."

Asubuhi iliyofuata nilipanda zile ngazi tena. Nilimweleza yule mama kila kitu. Nilitegemea ataniambia nisimpotezee wakati. Badala yake alikinusa kile kipande, akafumba macho kidogo.

"Hiki siwezi kukiandika popote kama kazi ya maabara," akasema. "Lakini na mimi nimezaliwa upande huo. Kata nusu, baki na nusu."

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Kaka alikuwa akiungua kwa homa. Dawa ya kwanza iliingia mshipani tone kwa tone na homa haikujali. Kuna mchana mmoja alifungua macho, akanitazama, akasogeza midomo. Bomba halikumruhusu kusema. Nadhani alikuwa anauliza kama wageni wamefika. Nilimwambia bado, wanangoja upone. Shemeji alimpangusa mikono kwa kitambaa cha maji, kidole kimoja kimoja, akisugua sana kwenye kucha, na nilielewa kwamba anatafuta mabaki ya ile hamira.

Mama wa maabara aliniita. Alinisogezea darubini. "Kisahani cha mgonjwa sikuonyeshi. Hiki chako nitakuonyesha."

Nilivua miwani yangu, nikainama. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha vikatokea, viduara vinono, vingi, vingine vimebeba watoto begani. Sijui nilitarajia nini. Baba yangu alivitumia kupika, babu yangu alivitumia kupika, na hakuna kati yao aliyewahi kuviona.

"Hii ni hamira ya pombe," akasema. "Inapenda sukari ya miwa, inaichachusha haraka. Nikiipandishia joto sana inakata tamaa. Mtu wa amani."

"Na ya kaka?"

Akavua miwani yake. "Ya kaka yako haichipui mkia. Sukari inazozila ni nyingine. Na nilipoiweka kwenye joto lililoiua hii yenu, yenyewe ikaota kama iko kwao. Nimeirudia, na mashine imekubali. Hizi hazijuani hata kidogo. Hiyo ni ya hospitalini. Inakaa kwa vitanda, kwa mikono, kwa mabomba, ikingoja mtu dhaifu. Na dawa anayopewa sasa haiwezi kuigusa. Nimeshampigia daktari simu, abadilishe leo."

"Atapona?"

"Hilo silo ninalouliza mimi," akasema, kwa upole. Akanirudishia miwani yangu niliyoisahau mezani.

Dawa ilibadilishwa alasiri hiyo. Homa ilishuka, shemeji akasimama kando ya kitanda akiomba kwa sauti mpaka nesi akamgusa bega. Lakini figo zilikuwa zimeshachoka, na moyo baada ya figo. Kaka alikufa Jumapili, watu wa mtaani wakiwa kanisani. Tulisikia wakiimba tulipofika getini kuwaambia watoto.

Tulimzika. Watu walipotawanyika nilibaki jiko la nje na shemeji. Baba mdogo alikuwa kwenye kile kigoda chake, kofia juu ya goti. Shemeji alikuwa akipanga vikombe vya kukodi kwenye kreti. Aliuliza bila kusimamisha mikono.

"Ilikuwa ni hiyo?"

Mpaka siku hiyo sikuwa nimemwambia, na yeye hakuwa ameuliza.

"Haikuwa hiyo. Ilimwingia huko huko hospitali."

"Haikuwa hiyo."

"Hapana."

Akaweka kikombe, akaweka kingine. "Kwa hivyo nilimchomea bure kitu chake. Akiwa hai."

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Ninaamini hata yeye, kwa njia yake, alikuwa akimtafutia kaka njia ya kurudi.

Nilitoa kile kitambaa mfukoni, nusu iliyobaki. Nilikuwa ninampa baba mdogo, kama inavyotakiwa. Shemeji ndiye aliyenyoosha mkono. Alikichukua kwa vidole vitupu, akakigeuza, akakinusa. Tulikuwa wanaume wawili pale, na hakuna aliyesema mwanamke hagusi. Alikifunga kwa kipande cha uzi, akapanda juu ya kreti, akakitundika kwenye msumari wa zamani. Kisha akanawa mikono, akatumiminia chai. Baba mdogo alikunywa yake yote akitazama ule msumari.

Ruracio ya binti ilifanyika baadaye, nami nilikuja kutoka nilikokuwa. Kile kipande kilikuwa bado kwenye msumari, lakini aliyejua kupika alikuwa chini ya udongo, mikono ya baba mdogo inatetemeka, na mimi sikuwahi kukaa nyumbani vya kutosha kujifunza. Wakwe walikaribishwa vizuri. Wazee walikunywa soda.