Mtoto Mpe Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapikiwa na mtoto hata kabla ndege haijaacha ardhi. Nilikuwa nimevaa sketi ya buluu iliyopigwa pasi ikanyooka, skafu shingoni, na viatu vya kisigino ambavyo nilijifunza kuvitembelea kwenye korido ya hosteli huku wenzangu wakinicheka. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka mitatu hivi, na mama yake alikuwa amemshindilia chapati na soda uwanjani ili anyamaze. Alinyamaza kweli, mpaka nilipoinama kumfunga mkanda.

Nilijifungia chooni nikalia. Msimamizi wetu wa wahudumu, mwanamke mrefu ambaye tulimwita Madam na hakuna aliyethubutu kumwita vingine, akabisha mlango kwa pete yake.

"Wewe msichana wa Kisumu, toka."

"Madam, nimechafuka."

"Umechafuka sketi, hujachafuka mikono. Kuna watoto huko nyuma wanaruka juu ya viti kama mbuzi. Toka ufanye kazi."

Nikatoka. Nawaandikia haya nyinyi mnaosomea uhudumu wa ndege hapa Eldoret kwa sababu mwalimu wenu aliniomba niwaeleze kazi ilivyofanywa zamani zetu. Nimeona mnavyofundishwa. Mnafundishwa tabasamu, mnafundishwa rangi ya mdomo, mnafundishwa kumimina kahawa bila kumwaga. Watoto mnafundishwa kwa ukurasa mmoja, tena ule wa mwisho. Mimi, ukiondoa chai na mikanda, kazi yangu ilikuwa watoto.

Lazima muelewe ndege za wakati ule. Hakukuwa na skrini nyuma ya kiti, wala simu ya kumpa mtoto atazame katuni mpaka macho yamtoke. Kulikuwa na dirisha, na dirisha humpendeza mtoto mpaka mnapoingia mawinguni, halafu ni weupe mtupu. Ndege ikipaa au ikishuka, masikio huziba, na mtoto hajui ni nini kimemwingia kichwani. Kwa hivyo tulipitisha peremende kwenye trei, anyonye, ameze mate, masikio yazibuke. Mzazi asiyejua alimpa zote kwa mpigo, sukari ikapanda, na sisi tukapata taabu mpaka tunatua.

Siri ya kazi nilionyeshwa na Madam. Kabla ya kuruka, mhudumu husimama kwenye ile njia nyembamba kati ya viti na kuwaonyesha abiria namna ya kufunga mkanda. Hutumia mkanda mfupi ambao haujashonwa kwenye kiti chochote, una vyuma vyake viwili tu vya kuingizana. Tuliuita mkanda wa maonyesho. Wengine wetu tukimaliza kuonyesha tuliurudisha kabatini. Madam hakuurudisha. Alimwendea mtoto msumbufu kuliko wote, akachuchumaa, akaongea naye kama mtu mzima.

"Wewe unaitwa nani?"

"Kevin."

"Kevin, mimi nina kazi nyingi. Nishikie huu mkanda. Usimpe mtu. Nitakuja kuuchukua."

Basi. Kevin ambaye alikuwa anapiga kiti cha mbele mateke tangu aingie aliketi akaufunga na kuufungua, klik, klik, macho yakimfuata Madam kila alikokwenda. Kila baada ya muda Madam alipita akamwuliza, "Uko salama?" Kevin akaitikia kwa kichwa kama askari wa benki. Kabla ya kutua Madam alirudi, akauchukua mkanda kwa mikono miwili, akamshukuru.

"Mtoto mpe kazi," aliniambia tulipokuwa galei, kile kijumba cha chakula nyuma ya ndege. "Mchezo humchosha haraka. Kazi haimchoshi, kwa sababu anamngoja bosi arudi. Lakini nisikilize vizuri. Ukimwambia mtoto utarudi, rudi. Hata kama toroli imemwagika, hata kama kapteni anakuita, rudi. Mtoto anayekungoja hasumbui, lakini usimfundishe kungoja bure."

Nilianzia safari za ndani ya nchi, ndege ndogo za propela zinazotingisha mpaka meno. Baadaye nikapelekwa safari za mbali, za kuvuka bara na bahari, ambapo mtoto mmoja anaweza kuwakosesha usingizi watu wote. Nilikuwa na mkanda wangu na neno langu. Nilifika mahali ambapo wenzangu wakiona mtoto anakimbia njiani walisema tu, "Mwiteni Dani." Dani kwa Kiluo ni bibi, na mimi sikuwa hata na mchumba. Nilikasirika mwanzoni, kisha jina likanizoea.

Kapteni mmoja wa safari hizo, mtu mkali, aligombana nami kwa sababu ya mkanda. Tulikuwa tumepigwa na msukosuko wa hewa na wahudumu tumeamriwa tukae kwenye viti vyetu vya kukunjwa. Ndege ilipotulia kidogo, kabla ya ruhusa, niliinuka nikamwendea msichana aliyekuwa ameshika mkanda kwa mikono yote miwili na machozi yamejaa. Nilikuwa nimemwambia nitarudi.

"Kwa hivyo wewe unamwogopa mtoto kuliko mimi?" Kapteni aliniuliza tulipotua, mbele ya wote.

"Ndiyo, Kapteni."

Wenzangu waliziba midomo wasicheke. Yeye hakucheka. Lakini safari iliyofuata nilimwona anamvalisha mvulana kofia yake na kumwambia amshikie, kisha akaingia kurusha ndege akasahau kabisa. Ilibidi nimkumbushe akatoka kuichukua, naye aliichukua kwa mikono miwili.

Magoti yalipoanza kulalamika niliomba kituo cha ardhini, nikaletwa hapa Eldoret. Tulipanga nyumba mtaa wa Munyaka, mimi na binti yangu Lilian, ambaye babake alikuwa ameshafariki. Mkuu wa kituo alikuwa mzee wa Moiben aliyejua hali ya hewa kwa kufikiria mahindi yake. Mvua ikichelewesha ndege, abiria wananuna, yeye anatabasamu. Alinipa kazi ya watoto wanaosafiri peke yao, wale wanaokabidhiwa kwetu na mzazi mmoja huku na kupokewa na mwingine kule. Niliwashika mkono nikawavusha uwanja mpaka kwenye ngazi ya ndege. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto hasumbui sana angani. Usumbufu wa kweli uko mlangoni, pale anapoachana na mtu.

Siku ya kustaafu kwangu kulikuwa na keki na soda. Mkuu wa kituo alisimama akanipa ule mkanda wa maonyesho niliokuwa nao miaka yote, utepe wake umepauka.

"Mama, huu umechakaa, haufai tena kwa kazi," alisema. "Ni kama wewe tu."

Tulicheka wote. Niliufungia kwenye mkoba nikaenda nao nyumbani.

Mwaka uliofuata Lilian alimzaa Awino, na mimi nikawa Dani wa kweli. Lilian alikuwa nesi, zamu mchana, zamu usiku, na mwanamume aliyemzalisha alikuwa ameonyesha mgongo mapema. Kwa hivyo Awino alikuwa wangu tangu uji mpaka usingizi. Sijawahi kuona mtoto wa namna ile, na nimeona watoto. Alipanda tangi la maji. Aliwakimbiza kuku wa Mama Njoki, jirani yetu mwenye duka hapo langoni, mpaka wakaacha kutaga.

"Mama Lilian, huyu mtoto wako amewekwa mota," Mama Njoki alinilalamikia. "Si nikuuzie dawa ya kumlaza?"

"Wewe tafuta kuku wenye mbio," nikamjibu.

Jioni nilimchezesha ndege. Makochi ya sebuleni yalikuwa viti, vitambaa vya makochi vilikuwa blanketi, na mimi nilikuwa mhudumu. Nilimwonyesha kufunga mkanda, kisha nikachuchumaa, kwa taabu siku hizi, nikamwambia, "Awino, mimi nina kazi nyingi. Nishikie huu mkanda. Usimpe mtu. Nitakuja kuuchukua." Nilikwenda jikoni nikapika ugali na omena kwa amani. Nikirudi namkuta pale pale kwenye kochi, mtoto ambaye hata kanisani hakuwahi kukaa. Niliuchukua kwa mikono miwili, nikampa juisi yake.

Mwaka jana Lilian alipata kazi ng'ambo, hospitali ya wazee, mahali pa baridi. Alinieleza jikoni bila kunitazama.

"Mum, nimepata. Mimi na Awino. Na nilitaka twende na wewe, lakini..."

"Lakini daktari," nikamalizia.

Daktari alikuwa ameshanikataza ndege. Moyo wangu umepanuka, hauwezi tena hewa nyembamba ya juu. Nilifanya kazi angani nusu ya maisha yangu, na sasa nimefungiwa chini. Lilian anasema watakuja likizo mambo yakitulia. Mimi ninaujua moyo wangu, na ninajua jinsi mambo ya ng'ambo yanavyotulia.

Hofu ya Lilian ilikuwa safari. "Mum, yule mtoto atanimaliza kwa ndege. Ndege mbili! Watatushusha hewani." Nikamwambia aniachie hilo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nimemlea kwa kazi hii. Tulifanya mazoezi kila jioni. Nilimfundisha kunyonya peremende polepole. Nilimfundisha kutazama mawingu na kuyapa majina. Alijua mambo yote ya ndege kuliko nyinyi mnaosoma, na nilijivuna sana. Wakati wa mazoezi yale nilikuwa nasahau yalikuwa ya nini.

Siku ilifika. Askari wa uwanja wananijua, wakaniruhusu mpaka mlango wa mwisho, ule wa kutokea kwenda kwenye ndege. Lilian alikuwa na mabegi mikononi na pasipoti mdomoni. Awino alikuwa mzuri, sweta jekundu, anaruka ruka, mpaka alipoona kwamba mimi sina begi.

"Dani, begi yako iko wapi?"

Nilimfunga vifungo vya sweta. Akaelewa, au akaelewa nusu, ambayo ni mbaya zaidi. Alinishika sketi akapiga yowe, abiria wote wakageuka kutazama. Lilian alimvuta, akashindwa, naye akaanza kulia. Mhudumu wa mlangoni, msichana mdogo kama nyinyi, alisimama tu na tabasamu lake. Niliona mtoto wangu na mjukuu wangu wakivunjika mbele yangu, na miguu yangu ilichuchumaa yenyewe. Mkono ulikwenda kwenye mkoba. Sikupanga kusema. Mdomo ulikuwa umesema maneno yale maisha yake yote.

"Awino, mimi nina kazi nyingi. Nishikie huu mkanda. Usimpe mtu. Nitakuja kuuchukua."

Yowe likakatika. Alifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akaupokea mkanda, akaniuliza, "Utakuja na juisi?"

"Nitakuja na juisi," nikasema.

Akavuka uwanja akiwa wima kabisa, mkanda kifuani. Lilian aligeuka mara nyingi kunipungia. Awino hakugeuka hata mara moja. Kwa nini ageuke? Kwenye kochi letu, mhudumu alikuwa daima ndani ya ndege.

Lilian alinipigia walipofika Nairobi, akingojea ndege ya pili. "Mum, siamini. Hakusumbua hata kidogo."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Amekaa tu. Mhudumu akipita anainua kichwa, anamwangalia vizuri, halafu anasema, 'Si huyu.'"

Niliketi kitandani. Katika ndege ile kubwa, Lilian aliniambia baadaye, Awino alikataa kulala ili Dani asije akamkuta amelala. Abiria walimsifu. Mama mmoja alisema hajawahi kuona mtoto mwenye adabu hivyo. Walipotua watu wote wakatoka, yeye akashikilia kiti, akasema hawezi kwenda, Dani hajaja kuchukua mkanda. Walimtoa amebebwa.

Basi mwalimu wenu aliomba nimalizie kwa ushauri. Watoto wapeni peremende kidogo kidogo. Waonyesheni dirisha kabla ya mawingu. Wachuchumalieni, msiwainamie. Mtoto mpe kazi, maneno ya Madam ni ya kweli mpaka leo, na yale mengine aliyoniambia galei ni ya kweli zaidi. Uzee umenipa muda wa kuyafikiria, na nyumba hii imekuwa kimya sana. Juzi hata Mama Njoki aliniambia kuku wake wameanza kutaga tena, kisha akaona uso wangu akabadilisha mazungumzo.

Jumapili iliyopita tuliongea kwa simu ya video. Awino ameongezeka kimo, Kiswahili kimeanza kumteleza. Mkanda ulikuwa mapajani mwake. Lilian anasema anaenda nao shule na kulala nao. Niliona afadhali nimfungue mtoto wa watu.

"Awino," nikamwambia, "mpe mama huo mkanda. Yeye atanishikia."

Alinitazama kama vile nimemjaribu, akauficha nyuma ya mgongo.

"Dani, ulisema nisimpe mtu."

Nikamwambia ni kweli, nilisema hivyo. Nikamwambia amefanya kazi nzuri, aendelee kunishikia.