Kikundi cha Maongezi katika Wadi ya Wanawake

Siku yangu ya kwanza katika wadi ya wanawake wagonjwa wa akili, hapa Kakamega, niliripoti nikiwa na aproni iliyopigwa pasi na mikono isiyojua pa kukaa. Bendera yetu ilikuwa ingali mpya. Nilitoka Butere, ambako nilizoea kufunga vidonda na kuzalisha, kazi ambazo mtu huona matunda yake kwa macho. Daktari wa akili, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi ile kwetu, alinionyesha viti vilivyopangwa duara.

"Sista, keti."

"Niketi nifanye nini, Daktari?"

"Uketi tu, usikilize."

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi leo mnafundishwa haya darasani. Tiba ya vikundi ni kuwakutanisha wagonjwa chini ya kiongozi mmoja, wasaidiane kupona kwa kuwa pamoja. Tulikuwa na kikundi cha kazi, kilicholima sukuma wiki na kusuka vikapu, ili mgonjwa azoee tena kushika jembe kando ya mwenzake bila hofu. Hicho nilikipenda, maana kiliniruhusu kusimama. Katika kikundi cha mafunzo tulieleza dawa, na kwa nini mtu asiziache anapojisikia nafuu.

Kikundi cha maongezi ndicho kilichonitesa. Humo kiongozi hatoi mashauri. Analinda masharti tu: yanayosemwa hayatoki nje, hakuna kumcheka mwenzako, wala hakuna anayelazimishwa kusema. Kimya kikiingia, anakiacha. Mimi kimya kile kiliniwasha kama upupu. Nilikuwa nainuka nafunga dirisha, naketi, nainuka tena nalifungua.

Ndipo akaletwa Dorika. Yeye na mumewe Zakayo walihama Maragoli, kwenye vishamba vya kubanana, wakapata ardhi upande wa Likuyani katika shamba lililokuwa la mzungu. Mahindi yakastawi, nyumba ya mabati ikasimama, na Dorika akaacha kusema. Alitembea tu, ukuta hadi ukuta, mpaka nyayo zikapasuka.

Matroni, mkuu wetu sisi wauguzi, alichoka kumtazama. "Apelekwe hospitali kubwa Nairobi," alisema. "Lori linaondoka Ijumaa."

Tulijua maana yake. Nairobi ilikuwa mbali, na jamaa wengi walishindwa kuwafuata wagonjwa wao huko. Daktari akaomba aachiwe Dorika hadi Ijumaa hiyo.

"Kikundi cha maongezi, na mtu asiyesema?" Matroni akauliza.

"Awepo tu. Mengine tutaona."

Kesho yake asubuhi, kikundi kilipokutana, Dorika alituzunguka nyuma ya viti, raundi baada ya raundi. Nilitaka kumshika mkono. Daktari akanikanya kwa macho. Mama Rosa, mjane mzee aliyekuwa karibu kuruhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa akizungumza.

"Mimi nikipanda mahindi, naendanga kwanza kwa kaburi ya mzee wangu. Nafagia, namwambia tumepanda. Sasa niko hapa. Nani anamwambianga?"

Dorika akasimama.

"Wangu nimemwacha," akasema. Sauti ilikwaruza. "Nimemwacha Maragoli peke yake. Shamba tumeuza. Watu watalima juu yake."

Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Mama Rosa alinitangulia. Akakipigapiga kiti kilichokuwa wazi kando yake. "Kaa hapa, mwanangu. Anaitwa nani?"

"Joshua."

Akaketi.

Alhamisi tukaitisha kikundi cha jamaa. Hapo mgonjwa huketi na watu wake mbele ya kiongozi, si kutafuta mwenye kosa, bali kila mmoja asikike hadi mwisho. Zakayo alikuja na mamake.

"Tulikubaliana tusimtaje mtoto," mama mkwe alisema, "ili usilie."

"Mlikubaliana nyinyi, mama. Mimi sikuulizwa."

Zakayo alikuwa akizungusha kofia mikononi. Daktari hakumharakisha. Mwishowe Zakayo akasema, "Mimi nalianga shambani, Mama Joshua. Naendanga mbali ndiyo usinione."

Dorika akamgeukia. "Mbali wapi?" akauliza.

"Kule mtoni."

"Siku nyingine uniite."

Zakayo na mamake walirudi Maragoli kuzungumza na aliyenunua shamba. Mtu yule alikubali kuiacha pembe ile bila kuilima, naye Zakayo akapanda mti wa lusiola kichwani pa kaburi, uwe alama. Ijumaa lori lilikuwa limeondoka bila Dorika. Wiki iliyofuata Matroni alikuja kuketi nasi, nami nikaona akiinuka kwenda dirishani mara nyingi kuliko mimi.

Msidhani Dorika alipona siku ile. Alikaa nasi hadi mavuno, akaenda, na mvua za mwaka uliofuata zikamrudisha. Safari hiyo alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akauliza kikundi kinakutana siku gani.

Nilistaafu nikidhani nitatulia. Baba watoto alipofariki, nikawa sikai nyumbani. Mtaa wetu mzima wa Amalemba ulinijua kwa kuzurura. Wajane wa kanisani wakaniita niongoze kikundi chao, kwa kuwa nilikuwa mtaalamu. Nikawaambia kiongozi watafute mwingine, mimi naomba kiti. Nilikusudia kumtaja marehemu kwa maneno mawili tu, kisha ninyamaze. Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa vikombeni mwa wote, na hakuna aliyekuwa ameigusa.