Fundi Aliyeuvisha Mzimu Shati la Ofisini

Tarehe 12 Juni 2019, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, fundi cherehani wa chumba namba kumi na saba katika jengo la soko alifariki dunia. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kompyuta ya ofisi ya usajili, na yeyote aliyekuwa na namba yake ya kitambulisho angeweza kuhakikisha. Saa hiyo yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya dirisha namba nne la ofisi hiyohiyo, akimsubiri karani amalize kuandika, huku akiziwaza sketi kumi na mbili za shule alizoziacha bila lastiki.

Alikuwa amekwenda kuandikisha kifo cha shangazi yake, bibi wa miaka tisini na moja aliyemlea na kumfundisha kushona. Karani aliuliza jina la marehemu na jina la mtoa taarifa. Akajibiwa yote mawili, kwa sauti ya kusikika, kisha akayaingiza kila moja mahali pa mwenzake. Fundi alipewa karatasi, akaikunja na kuitia mkobani bila kuisoma. Karatasi za msiba nani anazisoma?

Aliyegundua ni mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu. Siku ya tatu, akiwa safarini, simu yake ilipokea ujumbe wa ofisi ukimpa pole kwa kuondokewa na mke. Akaegesha lori kando ya barabara, akapiga namba ya nyumbani ili aambiwe imekuwaje. Akapokea marehemu.

"Haloo, baba watoto, umefika wapi?"

Simu ikakatika. Baadaye mume alieleza kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Hata hivyo lori lilikaa pale pale saa mbili nzima, na halikuwa na hitilafu yoyote.

Kesho yake fundi alirudi kwenye dirisha namba nne. Karani, kijana mtanashati wa shati la krimu na kalamu mbili mfukoni, alibofya, akatazama kioo, akamtazama yeye, akatazama tena kioo.

"Mama, mfumo unasema umefariki."

"Si unaniona hapa?"

"Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni."

"Basi uambie."

"Hauambiwi na mtu hivi hivi, mama. Taarifa ya kifo inafutwa na aliyeitoa. Huyo aje na kitambulisho, atie saini, yaishe."

"Aliyeitoa ni nani?"

Karani akasoma jina. Lilikuwa la shangazi.

"Huyo tumemzika wiki iliyopita."

"Hapa yuko hai," karani alisema, na kusema kweli sauti yake ilikuwa ya upole. "Mwambie asichelewe, tunafunga saa tisa."

Fundi alirudi mara sita kwa muda wa miezi miwili. Aliambiwa arudi kesho, aje na mashahidi, aje na picha mbili, aje mtandao ukikaa sawa. Mkuu wa kitengo, alipofikiwa, alisema anamwonea huruma lakini hana mamlaka ya kufufua mtu.

Jambo lingekuwa la kuchekesha tu kama si leseni. Chumba namba kumi na saba ni cha manispaa, na leseni yake huisha mwisho wa Septemba. Mwenye chumba asipoihuisha, chumba kinapewa anayefuata kwenye orodha. Marehemu hawezi kuhuisha leseni, mashine haikubali. Miaka ishirini na tatu fundi amekaa mle na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa. Anayefuata kwenye orodha alikuwa muuza simu wa ghorofa ya chini. Katikati ya Agosti alipanda na kuomba, kwa adabu zote, apime ukuta kwa ajili ya makabati yake. Hakuwa na futi. Fundi akamwazima ya kwake.

"Wifi, wewe una moyo," alisema dada wa mumewe, aliyekuwa akimsaidia kutia vifungo na kumsimanga bila malipo. "Mtu anakupimia kaburi, nawe unamshikia kamba."

"Mgeni akiomba kitu, unampa."

"Marehemu ana adabu huyu! Ulipokuwa hai hukunipa hata sindano."

Hali ilikuwa hivyo siku aliposhuka Dairekta. Alikuwa kijana wa ghorofa ya tatu, mpiga picha za harusi aliyekuwa ametengeneza filamu tatu za kutisha kwa kamera hiyohiyo ya harusi. Alitaka kushonewa vazi la mzimu.

"Saizi gani?" fundi aliuliza.

"Mzimu hauna saizi, mama fundi. Jeupe tu, refu, linaloburuta."

"Likiburuta utajikwaa. Kama ule wa filamu ya pili."

Dairekta akashusha pumzi. Mzimu wa filamu ya pili ulijikwaa kweli, ukaangukia ndoo, na watazamaji wakaomba sehemu hiyo irudiwe. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi: watu walicheka tangu mwanzo, kabla hata mzimu haujatokea.

"Sijui watu wa siku hizi wanaogopa nini," alisema. "Nimesoma, mama. Zamani watu waliogopa msitu, basi zimwi likatoka msituni. Walipotengeneza mabomu makubwa, filamu zikajaa wadudu wakubwa kama nyumba, waliovimba kwa sumu ya mabomu hayo. Vilipokuja viwanda, yakaja majitu ya chuma yanayomgeukia aliyeyaunda. Kila watu na hofu yao, na kila hofu na zimwi lake. Sasa hawa wetu zimwi lao ni lipi?"

"Umewapima?"

"Kuwapima vipi?"

"Unashona nguo kabla ya kumpima mtu, halafu unashangaa haimkai. Hofu ni hivyo hivyo. Shuka jeupe linamtisha nani? Mzimu unataka nini kwangu? Hauna fomu, haunidai picha mbili, hauniambii nirudi kesho."

Wifi akacheka hadi kifungo kikamponyoka. "Mwambie habari zako, wifi. Mwambie wewe mwenyewe ni maiti."

Akamweleza yote, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Alipofika kwenye shangazi, alivuta droo na kutoa simu ndogo ya bibi, aliyokuwa akiitunza na kuichaji kwa sababu hakuwa na moyo wa kuizima. Ilikuwa na ujumbe mpya. Ofisi ilikuwa inampongeza shangazi kwa kutimiza miaka tisini na miwili na kumtakia maisha marefu.

Dairekta alirudisha simu mezani taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Nywele za mkononi zilikuwa zimemsimama, na fundi, ambaye macho yake yamezoea kuona uzi mmoja uliopotoka, aliziona.

"Umeona?" alisema. "Sasa ndiyo nimekupima."

Filamu ilipigwa kwa siku tisa, chumba namba kumi na saba kikiwa ofisi. Fundi alimwigiza marehemu, kwa kuwa hakuna mwigizaji mwenye uzoefu wake. Wifi akawa mzimu. Dairekta alitaka aufiche uso kwa unga na vidonda vya rangi nyekundu, fundi akakataa. Alimfunika uso kwa soksi laini ya kike, uso ukawa hauna macho wala mdomo, akamvika shati alilolishona mwenyewe: la krimu, mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, mshono wa mfuko ukiwa wa uzi wa bluu. Alilishona kwa kukumbuka. Mtu akisimama mara saba mbele ya shati, hata kama si fundi, atalijua.

"Sasa mzimu unafanya nini?" Wifi aliuliza kutoka ndani ya soksi. "Nikabe mtu? Nipae?"

"Usifanye kitu," fundi alisema. "Kaa. Bofya. Halafu sema arudi kesho."

"Hiyo tu?"

"Ukiongeza kitu utaharibu."

Ilionyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mikutano wa soko, mapazia yakiwa yamefungwa. Fundi alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, kama anavyokaa mteja anapojaribu viatu asivyotaka kununua. Mwanzoni watu walicheka kwa mazoea. Wengi walikuwa wamekuja kuona nani ataangukia ndoo safari hii. Mwanamke wa kwenye filamu akafika dirishani. Mzimu ukabofya. Ukabofya tena. Ukasema, "Rudi kesho." Watu wakacheka. Mwanamke akarudi. "Rudi kesho." Kicheko kikapungua. Mara ya nne hakuna aliyecheka, na muuza ndala aliyekaa mbele akasema kwa sauti, bila kujijua, "Mwambie una watoto!"

Kisha, mle filamuni, simu ya bibi aliyekufa ikalia ndani ya droo. Wanawake watatu wakapiga yowe, na mwanamume mmoja akatoa simu yake mfukoni, akaizima, akaikalia. Muuza simu, aliyekuwa safu ya pili, alitazama pembeni kama mtu aliyeitwa kwa jina na hataki kuitika. Fundi hakupiga yowe. Hofu ile alikuwa ameishi nayo miezi mitatu, na sasa kwa mara ya kwanza aliona ukumbi mzima ukimsaidia kuibeba.

Taa zilipowashwa, mtu alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Alikuwa karani wa dirisha namba nne. Alikuwa amemleta mchumba wake.

"Hilo shati ni langu!" alisema.

"Kwa hiyo mzimu ni wewe?" Wifi alimuuliza, akiitoa ile soksi mkobani.

Ukumbi ulilipuka. Walicheka kama wasivyowahi kuicheka ile ndoo. Karani alimtafuta mchumba wake, akamkuta naye ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mabega yanamtikisika.

Jumatatu asubuhi karani aliandika malalamiko rasmi dhidi ya fundi kwa kumdhihaki mtumishi wa umma. Malalamiko nayo yanapitia kwenye mfumo, na mfumo unataka namba ya kitambulisho ya mlalamikiwa. Akaiingiza. Kioo kikamjibu kwamba mlalamikiwa amefariki na malalamiko hayawezi kupokelewa.

Walioketi madirisha ya jirani wanasema alilitazama jibu hilo kwa muda mrefu. Alijaribu tena. Alizima kompyuta na kuiwasha. Halafu akapanda ghorofani kwa mkuu wa kitengo, ambaye alikuwa amekwishasikia habari za filamu kwa mkewe, na ambaye hakupenda kusikia kwamba katika filamu hiyo kuna sauti ya mkuu akisema hana mamlaka. Mkuu alimwuliza karani nani alimwandikisha mama huyo kuwa amekufa. Karani akasema atafuatilia. Mkuu akavuta kiti, akaingiza neno lake la siri, akafungua faili, akamfufua fundi ili aweze kumshtaki. Kazi yote ilichukua dakika nne.

Wito wa kamati ya malalamiko ulifika Jumatano, ukaletwa na tarishi. Fundi aliusoma akiwa amesimama, herufi kwa herufi, kwa maana siku hizi anasoma kila karatasi. Juu kabisa, mbele ya jina lake, palikuwa na neno moja: *hai*.

"Wifi, wamekushtaki!" Wifi alisema, akichungulia begani kwake. "Mbona unacheka?"

"Nipe mkoba."

Alishuka ngazi bila kuvua kikingio cha sindano kidoleni. Katika dirisha la leseni la manispaa, chini ya jengo la soko, aliweka wito juu ya kaunta, upande wenye neno lile ukimtazama karani wa hapo, na kitambulisho pembeni. Mashine ilifikiri kidogo, ikakubali. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya orodha kusogea. Alipokuwa akipanda tena, alikutana na muuza simu amebeba ubao wa kabati lake la kwanza. Muuza simu aligeuza ubao, jambo gumu kwenye ngazi nyembamba, na fundi akamshikia ncha ya pili hadi chini.

Dairekta ameshauliza kama anaweza kurekodi kikao, na amekataliwa kwa maandishi. Wifi atakuwa shahidi, ingawa ameonywa asifungue kinywa asipoulizwa. Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi wa chumba namba kumi na saba atafika mbele ya kamati kujibu kuhusu shati. Mlangoni amebandika tangazo kwamba siku hiyo atafungua saa nane mchana, na wenye sketi wasiwe na wasiwasi.