Mbavu kwa Kijiko cha Chai

Tangu koo lake lianze kupigwa mionzi ya kutibu saratani, muuza nyama wa mtaa wetu hali nyama, huinywa. Saa saba mchana hufuta kisu, hukaa juu ya kreti la soda, na mkewe humfungulia chupa ya supu ya nyama iliyosagwa mpaka ikawa laini kama uji. Mikono inayopasua mfupa kwa pigo moja hushika kijiko cha chai kwa vidole viwili. Huinamisha kidevu kifuani kama alivyofundishwa hospitali, humeza, kisha humeza tena, na mguu wa kulia hugonga sakafu kila funda linapopita salama. Sisi wateja tunasubiri. Akimaliza hututangazia kwa sauti iliyokwaruza, "Leo nimekula mbavu." Jana alikula kidari. Supu ni ileile. Mkewe akimwuliza ikoje, hujibu, "Tamu," na kwa miezi yote hiyo ilikuwa tamu, hata siku mama wa watu aliposahau chumvi kabisa, maana tangu mionzi ianze ulimi wa mumewe ulikuwa hauonji kitu. Juzi alimeza kijiko cha kwanza, mguu ukagonga. Akaonja tena. "Mama watoto," alisema, "leo chumvi umemwaga." Huyu ni mwanamke ambaye ukimkosoa mapishi atakununia mwezi mzima. Aliweka mfuniko chini, akaniita kutoka kwenye foleni nisogee karibu, kisha akamgeukia mumewe. "Baba watoto, hebu rudia, na jirani asikie."