Chumvi ya Mwanasaumu

Watu wa Likoni walimcheka Mwanasaumu kwa kuweka khati jikoni. Wacheke! Khati zenyewe thelathini na mbili zilikuwa za Timbwani nzima: nani aliweka kisima wakfu, makaburi yanaishia wapi, shamba la nani limepakana na la nani. Marehemu babake, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyeziandika, na bila hizo Timbwani haina neno la kusema mbele ya mtu.

Binti akazitia sandukuni, akalipandisha sanduku uchagani, juu ya meko, maana moshi hufukuza mchwa na joto hukausha. Kando yake akaweka kibakuli cha chumvi. Kila alfajiri, akishasali, aliitia kidole. Ikiwa kavu, alhamdulillahi. Ikianza kunata, siku hiyo hakipikwi kitu mpaka khati zimefunguliwa moja moja na kuanikwa kivulini, kwani jua nalo hula wino. Miaka kumi na saba hivyo! Mumewe, Mungu amrehemu, alikula viporo vingi kwa ajili ya chumvi ile.

Masika ya mwaka arobaini na sita akaja Ishaka, karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kutoka ng'ambo ya kivuko. Amri: khati zote ziletwe ofisini Jumatatu.

"Shikamoo, bibi. Karatasi za watu, na masizi yote haya? Kwetu ni nyumba ya mawe, kabati la chuma."

"Marahaba. Chuma hutoka jasho, mwanangu."

Hata mzee Mwinyihaji, msimamizi wa msikiti, alimwambia azitoe tu, asitafute balaa. Hilo lilimuuma Mwanasaumu kuliko amri yenyewe.

Jumatatu akavuka, Mwinyihaji nyuma yake akiguna njia nzima. Sanduku hakubeba. Alibeba kibakuli.

"Wekeni chumvi hii kabatini siku tatu," akamwambia Bwana Shauri. "Ikikaa kavu, sanduku nitalileta kichwani mwangu mwenyewe."

Bwana Shauri akacheka mpaka akafuta macho. Akakubali.

Siku ya tatu wakarudi, Ishaka akafungua kabati. Chumvi iko wapi? Maji matupu! Mwinyihaji akachovya kidole, akalamba.

"Lahaula!" akasema. "Wallahi khati tungeziua kwa mikono yetu."

Bwana Shauri hakucheka tena. Amri ni amri, akasema, haitanguliwi na kibakuli cha mwanamke.

"Haya," akajibu Mwanasaumu, wala hakushusha sauti. "Basi niandikie: khati za watu wa Timbwani zikioza, aliyeziozesha ni mimi Bwana Shauri. Utie sahihi. Nikishaipata, nazileta leo hii."

Ishaka akaandika. Bwana Shauri akashika kalamu. Akalitazama kabati, akamtazama mama yule aliyesimama kama aliyepandwa pale, kisha akaiweka kalamu chini.

"Nenda. Nitakuita."

Mwanasaumu akaichukua ile karatasi mezani.

"Bibi, hiyo haina sahihi," Ishaka akanong'ona. "Haifai kitu."

"Thubutu! Kuogopa kwake ndiyo sahihi yenyewe."

Alipofika kwake akaianika kivulini, maana mvua ya kivukoni ilikuwa imeigusa, kisha akapanda uchagani akaiweka pamoja na za babake. Hiyo ndiyo khati ya thelathini na tatu. Hakuitwa tena, na kila alipozifungua kuzianika aliitazama kwanza hiyo: wino mweusi vilevile, na pale pa sahihi peupe pee.