Baruti Ikimiminwa

Jirani yake Lyle hujaza mwenyewe risasi za kuwindia, kwa kuwa za bunduki yake haziuzwi katika duka lolote la Montana: alichukua ganda la risasi nyingine, akalibana shingo, akabuni ya kwake. Kabla ya kugusa mizani huvua saa na kuzima redio, kisha baruti huipunguza kwa ncha ya kijiti, chembe kwa chembe, amebana pumzi. Hapo hata mkewe akiita haitiki. Siku moja kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, Lyle alijisahau.

“Kahawa yako inapoa, bwana.”

Mkono ulisimama. Jirani akayatazama maganda, akaanza kuyamwaga yote.

“Wee! Kazi ya siku nzima?”

“Sikumbuki kama hili nimelijaza. Likijazwa mara mbili, bunduki inampasukia mtu usoni.”

“Si umwage hilo moja tu?”

“Na la kabla yake?”

Akaanza upya, bila kinyongo wala haraka.

Lyle alikatazwa na baba yake kupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine, hata awe ndugu. Asubuhi yake porini, kulungu alipojitokeza, jirani alimpa bunduki: “Haya, piga wewe.” Lyle akaipokea, akaegemeza shavu kwenye kitako.